Bei ya Uniti na Bei ya Uhakika

Mwezi Machi 2024 shirika la umeme la Tanzania, TANESCO, lilizima vituo vitano vya kufua umeme wa maji kwa sababu umeme ulikuwa umezidi mahitaji ya nchi. Aliyesikia habari ile Mwanza alikuwa na haki ya kushangaa, kwani miezi michache tu nyuma yake mgao wa umeme ulikuwa bado unazunguka mitaani. Kisha, usiku wa kuamkia Aprili Mosi, hitilafu ikaingia kwenye Gridi ya Taifa na mikoa iliyoungwa nayo ikalala gizani. Uhaba, ziada na giza la nchi nzima vikafuatana ndani ya muda usiofika mwaka, na chanzo kilichotajwa zaidi katika uhaba na katika ziada ni kilekile: maji, ambayo hakuna anayeyanunua bandarini wala kuyaagiza kwa meli.

Mijadala ya nishati jadidifu hapa kwetu huendeshwa kwa takwimu mbili tu: megawati ngapi, na shilingi ngapi kwa uniti. Zote mbili ni za lazima, ila hazimwelezi mtu wa Nyegezi kwa nini taa zake zinazimika saa moja jioni wakati nchi inatangaza ziada.

Nyegezi iko kusini mwa jiji la Mwanza, kati ya vilima vya mawe na maji ya ghuba ya Ziwa Victoria. Stendi yake hupokea mabasi ya Shinyanga, Tabora, Dodoma na Dar es Salaam, na barabara inayoifikia imejaa watu wanaoishi kwa umeme: wachomeleaji wa mageti, saluni, vinyozi, mashine za kusaga, mabucha, wauza samaki wenye friza. Jirani kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino huko Malimbe, pamoja na chuo cha uvuvi. Upande wa Butimba kuna mtambo wa kusafisha maji wenye uwezo wa lita milioni 48 kwa siku. Maji hayo hayapandi vilimani yenyewe, yanasukumwa na pampu, na pampu zinaendeshwa kwa umeme. Kaya ya mlimani inapokosa umeme muda mrefu, muda si muda inaanza kugonga simtanki kusikiliza kimebaki kiasi gani.

Mama anayeuza sato na sangara kandokando ya barabara hiyo ana mbinu ambayo mhandisi yeyote angeiheshimu. Friza lake halina samaki peke yao. Katikati yao amepanga chupa za plastiki zilizojazwa maji na kugandishwa, na umeme ukikatika hafungui mfuniko, anautandikia blanketi zito juu. Chupa ishirini za lita moja zikiyeyuka zote hunyonya joto linalokaribia uniti mbili za nishati. Hiyo ni akiba, na imemgharimu chupa tupu na maji ya bomba. Pia inamwonyesha kikomo chake: mkatiko wa saa sita anaumudu, wa siku nzima na usiku unamfanya auze kwa bei ya kutupa kabla samaki hawajalegea.

Kwa biashara yake analipa kama mteja wa kawaida, takribani shilingi 356 kwa uniti kodi na tozo zikiwemo, ndiyo maana elfu kumi ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, humpa uniti 28 na kidogo kabla ya makato ya kodi ya jengo. Jirani yake anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi yuko kundi la shilingi 100, kabla ya kodi na tozo. Bei hizi zilipangwa na mdhibiti wa nishati na maji, EWURA, mwaka 2016 na zimedumu muda mrefu. Sasa tumpe mama huyu jenereta dogo la petroli. Mashine ya aina hiyo hula nusu lita au zaidi kuzalisha uniti moja. Petroli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, uniti moja inamgharimu shilingi 1,500 kabla hajabadilisha oili wala plagi. Ni zaidi ya mara nne ya bei ya TANESCO, na bado barabara ile, umeme unapokatika, huanza kunguruma dakika chache tu baadaye. Watu hawa wameshajibu kwa fedha zao umeme unaopatikana unapohitajika una thamani gani.

Kwa kipimo hicho ndipo maji, jua na upepo vinapaswa kupimwa.

Maji yana historia ndefu kwenye ziwa hili kuliko wengi wanavyokumbuka. Bwawa la Owen Falls, leo Nalubaale, lilifunguliwa Jinja, Uganda, mwaka 1954, na tangu hapo mlango pekee wa Ziwa Victoria kuelekea Nile umekuwa chini ya mkono wa binadamu. Yaliwekwa makubaliano: maji yaachiwe kwa kiwango kilekile ambacho mto ungejitolea wenyewe kulingana na kina cha ziwa. Ziwa likishuka, maji yapungue na umeme upungue. Karibu na mwaka 2000 Uganda ikaongeza kituo cha Kiira pembeni mwa kile cha zamani. Mvua zilipokuwa haba kati ya 2004 na 2006, mitambo ikaendelea kudai maji, na yakaachiwa mengi kuliko makubaliano yalivyoruhusu. Ziwa likashuka hadi kina ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi. Sehemu ya upungufu ilikuwa ya ukame, sehemu ilipitia kwenye mitambo ya Jinja. Wavuvi wa mwambao mzima, Mwanza ikiwemo, wakaona maji yakirudi nyuma na kuacha matope mahali palipokuwa mwalo. Uganda yenyewe ikaangukia kwenye mgao na majenereta ya kukodi ya dizeli, umeme wa bei mbaya kuliko wote.

Miaka kumi na minne baadaye ziwa likafanya kinyume. Mei 2020 lilivuka rekodi ya 1964 na kuingia kwenye nyumba na mashamba ya pwani yake. Asilimia themanini hivi ya maji ya ziwa hili hutokana na mvua inayolinyeshea lenyewe, kwa hiyo umeme wa Jinja ni umeme wa mvua iliyohifadhiwa kwa muda. Mtu anayesema umeme wa maji ni wa uhakika kwa kuwa mto unatiririka usiku na mchana anasema kweli kwa wiki na kwa mwezi. Kwa miaka, hali ni nyingine.

Tanzania imelipia somo hilo mara nyingi. Ukame wa 2006 ulilishusha bwawa la Mtera na mabwawa mengine, ukaiingiza nchi katika mikataba ya umeme wa dharura, na mmoja kati ya mikataba hiyo, wa Richmond, ulimwondoa Waziri Mkuu madarakani Februari 2008. Mgao ulirudi 2011. Oktoba 2015 maji yalipungua kiasi cha vituo vya umeme wa maji kusimamishwa, na nchi ikaokolewa na gesi ya Songosongo na ya Mtwara. Novemba 2022 TANESCO ilitangaza upungufu wa megawati 300 hadi 350, Kihansi yenye uwezo wa megawati 180 ikiwa inatoa sehemu ndogo tu ya hizo. Ukiangalia ramani unaona tatizo lilivyojificha: Kidatu, Mtera na Kihansi ziko kwenye bonde moja kubwa la Rufiji, zinategemea mawingu ya ukanda mmoja. Mvua ikikataa, inazikatalia zote kwa pamoja.

Bwawa la Julius Nyerere nalo liko Rufiji, chini ya vituo hivyo vyote.

Hili si la kulibeza bwawa hilo. Mkataba ulisainiwa Desemba 2018 na kampuni za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric. Ujazaji wa maji ulianza Desemba 2022. Mtambo wa kwanza ukawashwa Februari 2024. Na wa tisa, wa mwisho, ukaingia Aprili 2025. Mitambo tisa ya megawati 235 inafanya megawati 2,115, kwa gharama ya zaidi ya shilingi trilioni 6.5. Mahitaji ya juu kabisa ya nchi wakati huo yalikuwa takribani megawati 1,900. Hapo ndipo lile neno la ziada lilipopata nguvu, na aliyelisikia akiwa kwenye foleni ya kununua petroli ya jenereta alijiona amedanganywa.

Hakudanganywa, ila alipewa kipimo kimoja badala ya viwili. Megawati 2,115 ni nguvu ya mitambo yote ikizunguka kwa kasi kamili. Makadirio rasmi ya umeme utakaotoka kwa mwaka ni uniti bilioni 6.3. Mitambo hiyo ingezunguka saa zote za mwaka, ingetoa uniti bilioni 18.5. Kwa hiyo bwawa limepangwa kufanya kazi kwa kiwango cha thuluthi moja hivi ya uwezo wake, kwa kuwa mto hauna maji ya kuzungusha mitambo tisa mwaka mzima. Hakuna kasoro katika usanifu huo. Ziwa lililo nyuma ya ukuta, lenye mita za ujazo takribani bilioni 33, limejengwa ili maji yatunzwe na kuachiwa wakati wa haja. Ila anayefananisha megawati za bwawa na megawati za gesi, au za jua, bila kuuliza uniti ngapi kwa mwaka, atapotea njia mapema.

Kuna pia suala la masafa, na hapa Mwanza ina neno lake. Kutoka bwawani umeme hupanda hadi Chalinze kwa njia ya kilovoti 400 ya kilomita 160, kisha unaingia kwenye mtandao unaopitia nyanda za kati. Njia kuu ya kwenda kaskazini magharibi, kilomita 670 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga, ndiyo inayolisha Kanda ya Ziwa, na kutoka Shinyanga umeme hufuata njia ya Mwanza. Nyegezi iko karibu na mkia wa safari hiyo yote. Katika kila uniti 100 zinazoingia kwenye mtandao wa nchi, kama 14 au 15 hupotea njiani na kwenye usambazaji. Waya mrefu hushusha nguvu ya umeme, na mchomeleaji huiona kwa macho pale rodi inaponata kwenye chuma jioni kila nyumba ikiwa imewasha. Machi 2025 Serikali ilipoeleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, wengi waliuona ni kichekesho, nchi yenye ziada inanunua ya nini? Hoja ya masafa ilikuwa na msingi: umeme wa karibu na mtumiaji unaweza kuwa na bei ya juu mtamboni na bado ukawa na nafuu ukifika.

Kwa miaka mingi dawa ya Mwanza kwa ugonjwa huu ilikuwa mafuta. Kituo cha Nyakato, megawati 60 na kidogo za mafuta mazito, kilianza kazi 2013 kikiwa ndani ya jiji lenyewe, hivyo hakikuwa na shida ya waya. Shida yake ilikuwa bei. Mafuta yalitoka bandarini Dar es Salaam yakasafirishwa zaidi ya kilomita elfu moja, na kila uniti iliyotoka pale iliuzwa kwa hasara. Afadhali maporomoko ya Rusumo kwenye mto Kagera, megawati 80 zinazogawanywa sawasawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Fungu la Tanzania halifiki megawati 27, ila ni maji ya upande huu wa nchi, yanayofuata mvua za milima ya Rwanda na Burundi badala ya mvua za Iringa na Mbeya.

Sasa jua. Kwa takwimu za shirika la kimataifa la nishati jadidifu, IRENA, uniti moja kutoka kwenye mashamba makubwa ya sola duniani iligharimu wastani wa senti 46 za Marekani mwaka 2010. Mwaka 2023 ilikuwa imeshuka hadi senti 4.4. Hakuna chanzo kingine cha umeme kilichowahi kushuka namna hiyo katika muda mfupi hivyo. Upepo wa nchi kavu ulikuwa senti 3.3 na maji senti 5.7. Kwa hiyo ile kauli kwamba sola ni anasa ya matajiri ilishapitwa, angalau mtamboni.

Ila jua la Nyegezi huzama karibu na saa moja jioni, na mahitaji ya umeme ya Tanzania hupanda kileleni kati ya saa moja na saa nne usiku. Kila paneli nchini saa hizo inatoa sifuri. Kinachoamua bei ya umeme wa jua kwa mtu wa kawaida ni betri, na hapa inafaa kupiga hesabu taratibu.

Chukua betri ya kawaida ya risasi, ile ya volti 12 na ampea-saa 200 inayouzwa kwenye maduka ya sola mjini. Kwenye karatasi inabeba uniti 2.4. Ukitaka idumu usiitoe zaidi ya nusu, hivyo kila usiku unapata uniti 1.2. Ikitunzwa vizuri itakubali kuchajiwa na kutolewa mara 500 hadi 800, kisha inakuwa mzigo wa mtu wa vyuma chakavu. Maisha yake yote, basi, itakupa kati ya uniti 600 na 960. Kwa bei ya LUKU umeme huo una thamani ya kati ya shilingi 214,000 na 342,000. Betri yenyewe, ikiwa halisi, huuzwa zaidi ya hapo, na bado hujanunua paneli, chaja wala inveta. Anayenunua mfumo huo akidhani anakimbia bili ya TANESCO amepotoshwa na muuzaji. Anayeununua ili friza lisizime na mtoto asome amenunua kitu cha maana, mradi ajue amenunua nini.

Betri ya lithiamu ya ukubwa uleule inabadilisha hesabu hiyo. Unaweza kuitoa hadi asilimia 80, yaani uniti 1.9 kwa usiku, na zile za aina ya chuma na fosfeti hukubali mizunguko 3,000 na zaidi. Maisha yake yanafika uniti 5,700, zenye thamani ya shilingi milioni mbili kwa bei ya LUKU. Bei yake dukani bado ni ya juu kuliko ya risasi, ila kwa kila uniti itakayotoa ni rahisi zaidi kwa mbali. Kinachomzuia mchomeleaji wa Nyegezi si ujinga wa hesabu. Anatakiwa kulipa leo umeme wa miaka minane ijayo, na hakuna benki inayomkopesha kwa riba inayolingana na uvumilivu huo.

Suala hilohilo la mkopo ndilo linaloamua bei ya miradi mikubwa. Gesi na dizeli hulipiwa zinapochomwa. Maji, jua na upepo hulipiwa karibu zote kabla ya uniti ya kwanza kutoka. Uganda walipojenga Bujagali, megawati 250 zilizokamilika 2012 kwa gharama iliyokaribia dola milioni 900, mto ulikuwa wa bure na umeme ukawa ghali, kwa sababu bei ya uniti ilibeba riba na faida ya wenye mitaji. Mwaka 2018 madeni yale yalipangwa upya kwa muda mrefu zaidi, na bei ikashuka bila hata tone moja la maji kuongezeka. Tanzania ilijenga bwawa la Nyerere kwa fedha za Serikali. Hilo liliondoa riba ya wawekezaji kwenye bili, lakini zile trilioni 6.5 zilitoka kwenye mfuko uleule unaosubiriwa na nyaya, transfoma na vituo vya kupoozea umeme.

Kenya inatoa mfano mkali zaidi wa mtambo uliotangulia waya. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, mitambo 365 yenye megawati 310 huko Marsabit, ulikuwa tayari mwaka 2017. Njia ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa haikuwa tayari hadi Septemba 2018, na serikali ya Kenya ikalazimika kulipa fidia kwa umeme ambao hakuna aliyeutumia. Upepo wa kule ni miongoni mwa bora duniani, lakini huvuma kwa nguvu zaidi usiku wa manane na alfajiri, Nairobi ikiwa imelala, hivyo mara nyingine mitambo huamriwa ipunguze. Agosti 25, 2023 Kenya nzima ilizimika, na mabishano kuhusu nani alianza, mtambo wa upepo au gridi, yaliendelea kwa siku kadhaa. Pamoja na hayo Kenya inasimama vizuri kuliko majirani wake wote kwa uthabiti wa umeme jadidifu, kwa sababu chini ya upepo na jua imeweka mvuke wa ardhini wa Olkaria, unaofua umeme tangu 1981 bila kuangalia mvua wala saa. Huo peke yake huzalisha zaidi ya theluthi moja ya umeme wa nchi.

Tanzania haina Olkaria bado. Upepo wake kwenye gridi ni mdogo. Kituo cha Mwenga huko Mufindi, kilichoanza 2020, kina megawati 2.4 tu.

Visiwani, ambako waya wa gridi ulichelewa au haujafika, bei halisi ya uhakika ilijitokeza bila kificho. Kampuni ya JUMEME ilianza mwaka 2016 na kijiji cha Bwisya kisiwani Ukara, wilaya ya Ukerewe, ikiwa na paneli, betri na jenereta la akiba, kisha ikaenda visiwa vingine. Wateja ni wachache, wengi huwasha taa mbili na kuchaji simu, na mtambo lazima uwe mkubwa wa kutosha kwa mashine ya kusaga na majokofu ya samaki. Bei ya uniti ikawa mara kumi na zaidi ya ile ya TANESCO kwa mteja mdogo. Mwaka 2020 Waziri wa Nishati wa wakati huo, Medard Kalemani, akaagiza wenye gridi ndogo watoze shilingi 100 kama bara.

Agizo lile lilikuwa na haki ndani yake. Mvuvi wa Ukara ni Mtanzania sawa na mkazi wa Nyegezi, na hakuna sababu ya kumtoza mara kumi kwa kuwa alizaliwa ng'ambo ya maji. Tatizo ni kwamba gharama haikuondoka kwa agizo. Huku bara pengo kati ya bei na gharama hufunikwa: Wakala wa Nishati Vijijini, REA, hulipia nguzo na nyaya hadi mlangoni na mwanakijiji anachangia shilingi 27,000, halafu wateja wakubwa wa TANESCO hubeba sehemu ya wale wa shilingi 100. Kwenye gridi ndogo hapakuwa na mteja mkubwa wa kubeba wala mfuko wa kujaza pengo. Wawekezaji wakasita na upanuzi ukapoa. Kama nchi imeamua bei iwe moja kwa wote, na uamuzi huo unastahili kutetewa, basi ruzuku ifuate mteja popote alipo, awe kwenye nguzo ya TANESCO au kwenye paneli za kijiji.

Kuna mahali kwenye ziwa hilohilo ambapo jua limeshinda bila agizo wala ruzuku kubwa. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza, mwezi ukiwa mdogo, kwa kuwavuta dagaa kwenye mwanga. Kwa miongo mingi mwanga huo ulitoka kwenye karabai za mafuta ya taa, na mafuta hayo yalikula sehemu kubwa ya mapato ya mtumbwi. Polepole taa za LED zenye betri zimechukua nafasi yake. Mchana betri huchajiwa mwaloni, nyingine kwa paneli za sola, usiku taa huelea juu ya maji bila kuhofia upepo kuzima utambi wala kioo kupasuka. Zimekubalika haraka kwa sababu zinatumia umeme kidogo, saa za matumizi zinajulikana, na kilichokuwa kikilipwa mwanzo kilikuwa ghali mno. Mambo hayo matatu yakikutana, hakuna haja ya semina.

Kwa nchi nzima, nafuu iko kwenye kuchanganya vyanzo ambavyo udhaifu wake hauangukii siku moja. Kanda ya Ziwa na nyanda za Shinyanga hupata jua la uhakika zaidi Juni hadi Septemba, miezi ambayo mito mingi hupungua. Mwaka wa ukame ndio mwaka wa anga jeupe. Mradi wa sola wa Kishapu mkoani Shinyanga, uliopangwa kufika megawati 150 na kuanza na 50 kwa mkopo wa Ufaransa kufuatia mkataba wa ujenzi wa 2023, una thamani kubwa kuliko megawati zake zinavyoonyesha. Megawati 50 za jua hazitoi zaidi ya uniti milioni 80 au 90 kwa mwaka, sehemu ndogo sana ya bwawa la Nyerere. Lakini zinazalishwa jirani na Mwanza, upande huu wa ile njia ndefu, na kila uniti inayotoka Kishapu saa sita mchana inaacha maji Rufiji yaliyokuwa yatumike saa hiyo, yakasubiri jioni. Bwawa linakuwa betri ambayo nchi imekwisha kuilipia. Hakuna betri ya lithiamu duniani itakayoshindana na bei hiyo.

Ndiyo maana inasikitisha kuona mipango ya jua ikiahirishwa kila linapotajwa neno ziada. Ziada ya leo ni ya mvua nzuri. Reli ya kisasa kutoka Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, itaendeshwa kwa umeme, na treni haiwezi kufunikwa blanketi ikasubiri. Migodi ya Geita na Shinyanga inazidi kuhamia kwenye gridi, na vijiji vilivyofikiwa na nguzo vinaanza kununua friji. Mahitaji yatalifikia bwawa la Nyerere, na mwaka yatakapolifikia unaweza kuwa mwaka wa mvua haba.

Hatua ya karibu zaidi iko juu ya mapaa. Vyuo vya Nyegezi na Malimbe hutumia umeme wao mwingi mchana, viwanda vya samaki vya Mwanza hugandisha mchana na usiku, hospitali hazifungi, na pampu za maji za Butimba zinaweza kusukuma zaidi saa za jua na kujaza matenki ya vilimani kwa ajili ya jioni. Matumizi ya namna hii hayahitaji betri kubwa, kwa maana paneli inatoa na mashine inakula papo hapo. Kilowati moja ya paneli Mwanza hutoa uniti nne hivi kwa siku, sawa na shilingi nusu milioni kwa mwaka kwa bei ya shilingi 356. Kanuni za mteja kurudisha umeme wake wa ziada kwenye gridi zimekuwepo Tanzania tangu 2018, ila mapaa yanayozitumia ni machache mno kuonekana kutoka barabarani. EWURA na TANESCO wakirahisisha mita na mikataba ya wazalishaji hao, na benki zikakubali paneli kama dhamana ya mkopo, sehemu ya umeme wa Nyegezi itazalishwa Nyegezi, na jioni itapata nafuu kwa sababu maji ya Rufiji yatakuwa hayajabebeshwa mzigo wa mchana kutwa.